Embe zimeiva, mtoto yuko juu ya mwembe

Msimu wa embe ukifika Lisekese, mtoto asiyeonekana nyumbani hutafutwa kwanza juu ya mwembe. Korosho hazina shida hiyo: zikikomaa hudondoka zenyewe, watu wakaokota. Embe ndizo zinazowapandisha watoto mtini, na zile nzuri siku zote ziko tawi la juu kabisa.

Wazazi wengi hujipa moyo kwamba mtoto ni mwepesi, akianguka hatafika chini kwa kishindo. Sivyo. Dunia huvuta kila kitu kuelekea chini, na kasi ya kuanguka haitegemei uzito. Mtoto na baba yake wakidondoka kutoka tawi moja, watafika chini karibu pamoja.

Kinachoamua ni urefu. Kila hatua anayopanda, mtoto anajiwekea akiba ya nishati, ambayo shuleni huitwa nishati tuli. Mtoto wa kilo 25, umri wa miaka 8 hivi, akiwa mita 4 kutoka ardhini ana akiba ya karibu juli 1,000, sawa na kiroba cha unga cha kilo 25 kilichopandishwa hadi urefu huo. Akiteleza, akiba yote inageuka mwendo. Hata sekunde haitimii, atagusa ardhi kwa kasi ya kilomita 32 hivi kwa saa, yaani kasi ya bodaboda mtaani. Kwenye tawi la mita 2, nishati hiyo ni nusu.

Nishati hiyo lazima iishie mahali. Mchanga uliolegea humeza sehemu yake. Uwanja unaofagiliwa kila asubuhi hadi ukawa mgumu kama sakafu haumezi kitu. Mfupa ndio unaopokea. Kwa hiyo mwembe wa uani, ambao mzazi anauona salama kwa kuwa uko karibu, huenda ni hatari kuliko ule wa shambani. Ondoa mawe, tifua udongo chini yake. Afadhali zaidi, mpe mtoto mti mrefu wenye kigoe nchani aangue embe akiwa amesimama chini. Baada ya mvua gome huteleza, asipande kabisa.

Ukimkuta tayari yuko juu, usimfokee. Akiogopa atashuka kwa haraka, na haraka ndiyo inayoangusha. Zungumza naye taratibu; ukali usubiri mpaka miguu iguse chini.

Akianguka, usimnyanyue upesi wala kumkalisha, hasa akilalamikia shingo au mgongo. Mkono uliopinda usikandwe wala kuvutwa. Ufungwe ulivyo, apelekwe Mkomaindo au kituo cha afya kilicho karibu. Akipoteza fahamu, akatapika mara kwa mara, akasinzia isivyo kawaida, akapata degedege au akatokwa na damu au maji masikioni au puani, apelekwe hospitali papo hapo. Hata akiamka akicheka, mtazame mchana kutwa na usiku ule.