AFYA YA NYUMBANI: Kinundu cha Kifundo cha Mkono

Port Victoria, katika nchi ya Bunyala, ni mji wa wavuvi na wakulima. Alfajiri, mashua za omena zirudipo kutoka ziwani, wanaume huzivuta pwani kwa nguvu, nao wanawake huzipokea samaki wakaenda kuzianika juani. Wengine hushika jembe mpaka jua la utosini, na makarani ofisini hushika kalamu na mashine ya kuandikia. Kazi zote hizo ni za mikono, na mkono ukiharibika, nyumba nzima hupungukiwa.

Kwa sababu hiyo, si ajabu mtu kuingiwa na hofu aonapo kinundu kimetokeza juu ya kifundo cha mkono wake. Jana hakikuwapo, leo kipo, mviringo kama njugu au kama gololi, nacho hakisogei sana kikisukumwa kwa kidole. Majirani nao hawakosi la kusema. Mmoja husema mfupa umeteguka, wa pili husema ni saratani, wa tatu hunong'ona kwamba mtu huyo amerogwa. Kisha hutokea wa nne, naye ana wembe mkononi. Huyo wa nne ndiye wa kuogopwa kuliko kinundu chenyewe.

KINUNDU HICHO NI NINI?

Madaktari hukiita ganglioni, neno la Kiyunani lenye maana ya fundo. Si mfupa, wala si saratani, wala hakiambukizi mtu mwingine. Ni kifuko kidogo kilichojaa ute mzito, mweupe wa kuonyesha ndani, unaofanana na ute wa yai bichi.

Ute huo watoka wapi? Kila kiungo cha mwili kimezungushiwa mfuko, na ndani ya mfuko huo mna maji ya utelezi yanayolainisha mifupa, kama vile grisi inavyolainisha gurudumu la baiskeli. Kadhalika kano zinazovuta vidole hupita ndani ya ala zao, kama kisu katika ala yake. Pengine mahali fulani pa mfuko au pa ala hudhoofika, na kifuko kidogo hutokeza nje kwa shingo nyembamba. Kila mwenye baiskeli amepata kuona mpira wa ndani ukitokeza penye ufa wa tairi kuukuu; mfano wake ni huo.

Chanzo cha udhaifu huo hakijajulikana kwa hakika, hata kwa mabingwa. Lakini yajulikana kwamba vinundu hivi huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na hasa watu wenye umri wa miaka 20 mpaka 40. Vilivyo vingi hutokea upande wa mgongo wa kifundo cha mkono. Vingine hutokea upande wa kiganja, karibu na mahali daktari anapopimia mapigo ya moyo. Vingine kwenye shina la kidole, vidogo na vigumu kama punje. Na vingine mguuni.

Kinundu hiki kina tabia zake. Huweza kukua siku za kazi nyingi na kupungua mkono ukipumzika. Mara nyingi hakiumi. Lakini kikigandamiza mshipa wa fahamu, huleta maumivu, ganzi, au udhaifu wa kushika vitu. Daktari hupenda kukimulika kwa tochi ndogo katika chumba chenye giza. Mwanga ukipenya, ni dalili ya kuwa ndani mna ute wala si nyama.

MAMBO YASIYOFAA

Zamani katika nchi za Ulaya watu walikuwa na dawa ya ajabu. Mgonjwa aliweka mkono mezani, kisha akapigwa kinundu kwa kitabu kizito mpaka kipasuke. Na kwa kuwa kitabu kikubwa kuliko vyote katika nyumba nyingi kilikuwa Biblia, Waingereza wengine walikiita kinundu hiki kwa jina la kitabu hicho. Ni kweli kwamba kifuko kikipasuka ute hutawanyika na kinundu hupotea. Lakini mara nyingi shingo yake husalia, na baada ya muda kinundu hurudi. Tena pigo laweza kuvunja mifupa midogo ya mkono. Madaktari wa leo hukataza jambo hilo.

Wembe una hatari zaidi. Kinundu kimeshikana na kiungo, hivyo uchafu uingiao kwa chale waweza kufika mpaka ndani ya kiungo na kukiharibu kabisa. Wembe uliotumiwa na watu wengi huweza kuleta pepopunda, homa ya ini, au virusi vya UKIMWI. Na kama kinundu kiko upande wa kiganja, mshipa mkubwa wa damu hupita papo hapo. Atakayekata bila elimu aweza kuukata mshipa huo. Mtu auze mbuzi wake amlipe mkataji, kisha apoteze na mkono? Hiyo ni hasara juu ya hasara.

MATIBABU YA HAKI

Dawa ya kwanza huwashangaza wengi, nayo ni kungoja. Kinundu kisichouma wala kuzuia kazi chaweza kuachwa kama kilivyo. Karibu nusu ya vinundu hivi hutoweka vyenyewe, ingawa pengine huchukua miaka. Mkono ukiuma, kuupumzisha au kuufunga kwa kitambaa maalumu kwa siku chache huleta nafuu.

Dawa ya pili ni sindano. Daktari husafisha ngozi, akauvuta ute nje kwa sindano safi. Kazi hiyo ni ya muda mfupi, na mgonjwa hurudi kwake siku hiyo hiyo. Lakini afahamu mapema kwamba zaidi ya nusu ya vinundu vilivyotolewa ute hivyo hujaa tena.

Dawa ya tatu ni upasuaji. Mpasuaji hukiondoa kifuko pamoja na shingo yake mpaka kwenye kiungo. Baada ya kazi hiyo vinundu hurudi kwa uchache zaidi kuliko baada ya sindano, ila hata hapo vingine hurudi. Hubaki kovu, na mkono huweza kuwa mgumu kwa majuma kadhaa. Basi mwanamke anayetegemea kuanika omena kila siku na amwulize daktari atakaa muda gani bila kazi, ndipo achague.

SI KILA UVIMBE NI HUU

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Katika Nyanza Kusini, kama bonde la Kodera, vinundu vya chini ya ngozi hapo zamani vilikuwa dalili ya ugonjwa wa upofu wa mtoni, na ndani yake mlikuwa na minyoo. Inzi walioueneza waliangamizwa kwa dawa ya DDT iliyotiwa mitoni katika miaka ya 1940 na 1950. Lakini funzo lake limebaki: uvimbe mbili huweza kufanana kwa nje na kutofautiana kabisa kwa ndani.

Leo ugonjwa wa kuangaliwa ni kifua kikuu. Watu wengi hudhani hushika mapafu tu, kumbe huweza kushika hata ala za kano za mkono. Uvimbe wake hukua polepole kwa miezi, ukaenea juu na chini ya kifundo, na vidole vikawa vizito. Mgonjwa huenda akakonda, akatokwa na jasho usiku, au asione dalili nyingine yoyote. Akichelewa, kano huliwa na mkono hulemaa. Akiwahi, hupona kwa dawa, nazo hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Kwa hiyo mtu asingoje nyumbani kabla ya kujua anangojea nini. Na aende upesi akiona uvimbe unakua bila kupungua, una joto au wekundu, unadunda kama moyo, unaleta ganzi, au umefuatana na homa na kukonda. Aanzie hospitali iliyo karibu. Ikihitajika, atapelekwa Busia, au Kisumu kwenye ile hospitali kubwa ambayo wenyeji wengi huiita Russia.

Kuuliza si ujinga. Mwenye kinundu atakayeonyesha mkono wake kwa daktari huenda akaambiwa arudi nyumbani akaendelee na kazi yake. Safari hiyo haikupotea bure, maana amerudi na mkono wake mzima, na hofu ameiacha huko.