Pikipiki ya mkataba irudi barabarani kesi ikiendelea

Vijana wenzangu, hapa Madale kijana akisema ana pikipiki ya mkataba kila mtu anaelewa: analipa hesabu kila siku, akimaliza anakabidhiwa kadi. Shida inakuja miezi ya mwisho. Tajiri anadai hesabu zimelala, anaibeba pikipiki, kesho anampa mtu mwingine. Kijana anaambiwa nenda mahakamani. Kesi ikichukua mwaka mzima, atakula nini?

Sheria ina jibu. Amri ya XXXVII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inairuhusu mahakama kutoa zuio la muda, au amri nyingine, ili mali inayogombaniwa isiuzwe wala kuharibiwa. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, 1969, vipimo ni vitatu: kuna hoja nzito ya kusikilizwa? Mwombaji ataumia kiasi cha kutofidika? Nani ataumia zaidi?

Msimamo wangu: pikipiki irudi kwa dereva, hesabu iwekwe mahakamani, kadi isiguswe hadi hukumu. Dereva akikwepa hesabu, amri ifutwe. Hapo nani kaonewa?

Ila amri haipatikani kwa kulalamika kijiweni. Andikeni mkataba, tunzeni meseji za kila muamala. Na serikali itekeleze Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017: wasaidizi wa kisheria waje vijiweni. Tumechoka kukumbukwa kwa reflekta na kofia za kampeni.