Matangazo yetu yasifie ndani ya picha



Kila mara watu wanapouawa, daraja linapoanguka ao kodi mupya inapoanzishwa, vijana wetu wanaandika tangazo. Wanaliandika vizuri: tarehe, mahali, hesabu ya watu, na mukubwa anayepashwa kujibu. Kisha wanalipiga muhuri, wanalipiga picha kwa simu, wanatuma kwa WhatsApp. Siku mbili linazunguka kwa magrupe yote. Siku ya tatu limezama chini ya picha za ndoa na habari za mupira. Mwaka unaofuata, mwanafunzi, mwandishi wa habari ao mwanasheria akitafuta kwa Google jina la ile kijiji, hapati kitu. Ao anapata tu maneno ya wale waliokana.

Hii haiko kazi ya mafundi wa kompyuta peke yao. Ni kumbukumbu ya inchi.

Tuangalie Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa. Ilitangazwa tarehe 1 Oktoba 2010. Inaeleza visa 617 vya uhalifu mukubwa uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003, kwa kurasa zaidi ya 500. Haki bado haijafika. Lakini mutu akiandika «Kasika» ao «Makobola», anaweza kuifikia, kwa sababu ni maandishi yanayosomeka, iko na adresi yake, na watu wengi wanaelekeza wenzao pale. Mauaji mangapi ya kisha 2003 yamebaki tu ndani ya daftari ya shefu wa kijiji, ao ndani ya simu iliyoibiwa?

Mashine ya kutafuta inafanya kazi tatu. Kwanza inatembea: programu yake inatoka ukurasa mumoja kwenda mwengine kwa kufuata viungo, yaani yale maneno tunayobonyeza. Pili inasoma yale iliyokuta na kuyaweka kwa orodha yake. Tatu, mutu akiuliza, inachagua majibu ndani ya ile orodha. Basi ukurasa ambao hakuna kiungo kinachoufikia ni sawa na kijiji bila njia. Grupe ya WhatsApp, mashine haingii kabisa. Na tangazo lililopigwa picha, mara nyingi inaona picha, haioni maneno.

Njo maana tunaomba kila kikundi chetu, katika kila muji:

1. Tangazo liandikwe kwa herufi ndani ya ukurasa. Picha yenye muhuri ikuje chini kama ushahidi, pamoja na sentensi moja ya kueleza kinachoonekana.

2. Kila tangazo liwe na ukurasa wake na kichwa kinachotaja jambo na mahali. «Tangazo namba 14» haisemi kitu. «Ukosefu wa maji katika kartie Ndosho, Goma» inasema. Tuandike maneno ambayo mama wa kartie angeandika akitafuta.

3. Adresi isibadilishwe ovyo. Ukurasa ukihamishwa, adresi ya zamani ipeleke musomaji kwa mupya.

4. Ukurasa uwe mwepesi. Watu wetu wananunua mega kidogo kidogo, na Google yenyewe inasoma kwanza ile sura inayoonekana kwa simu.

5. Kiswahili kipate ukurasa wake, hapana mistari mitatu chini ya Kifaransa. Lugha itajwe ndani ya kodi, na kurasa hizo mbili ziunganishwe.

6. Tutengeneze ramani ya tovuti, ile faili inayoorodhesha kurasa zote. Na wenye kutumia WordPress waangalie vizuri: kuko kisanduku kimoja kidogo kwa mipangilio kinachoomba mashine zisiingize tovuti kwa orodha. Mara nyingi fundi anakiweka alama wakati wa kujenga, kisha anasahau kukiondoa. Alama moja tu, na kazi ya miaka inabaki gizani.

Lakini tuelewane. Si kila kitu kinapashwa kuonekana. Majina ya mashahidi, namba za simu za wenzetu, sura za watoto na za wanawake waliobakwa: hayo hayawekwe kabisa. Na musidanganyike na faili ya robots.txt. Haiko kufuli. Inaomba tu mashine zisipite fulani, na kila mutu anaweza kuifungua na kusoma mahali ulipoficha. Kitu cha siri hakiwekwe kwa tovuti ya wazi, basi.

Serikali nayo tunaidai vilevile. Katiba, kifungu cha 24, inampa kila mutu haki ya kupata habari. Dekreti ya tarehe 20 Mei 2011 inalazimisha mikataba yote ya mali ya asili itangazwe. Lakini kutangaza ni nini, kama mukataba ni skani yenye giza, kurasa zimepinduka, faili inaitwa «scan0007», na hakuna ukurasa unaoelekeza pale? Ule mukataba umetangazwa kwa karatasi, lakini mukaaji wa Kolwezi ao Kamituga hataupata. Tunaomba bajeti, mikataba na maamuzi ya mikoa viwekwe kwa maandishi yanayosomeka, kwa adresi isiyobadilika, na kichwa kinachoeleweka.

Hatuwezi kuomba wakubwa kitu ambacho sisi wenyewe hatufanyi. Kuanzia tangazo linalokuja, kila kikundi kichague mutu mumoja wa kuangalia mambo haya sita, na mwengine wa kuandika upya matangazo ya zamani, moja kwa juma, kuanzia yale yenye majina ya vijiji. Kisha mwezi mmoja, andikeni jina la kijiji chenu kwa Google, muone kama ukweli wenu uko pale.

Mapambano inaendelea.