Tumwulize Kiongozi Kitabu cha Hesabu

Wandugu wafanyakazi, na ninyi watu wote wa mji,

Kila jioni tukiisha kutoka kazini, mabishano yetu ni moja tu: kiongozi mwema ni nani? Mmoja anasema: ni yule anayejua kusema mbele ya watu. Mwingine anasema: ni yule wa kabila letu. Wa tatu anasema: ni yule aliyesoma kupita wote. Mimi ni karani wa mgodi. Kazi yangu ni kuandika majina ya watu wa shimo na mishahara yao, na macho yangu yamezoea kutafuta feza imepita wapi. Juu ya hiyo nina jibu langu, na ninataka kulionyesha kwa maisha ya Mhindi mmoja aliyepata kuongoza watu wa mgodi kama sisi.

Jina lake Mohandas Gandhi. Watu wake walimwita Mahatma, maana yake Roho Kubwa. Alizaliwa mwaka wa 1869 kule Porbandar, katika inchi ya India, katika jamaa ya dini ya Kihindu. Akasoma sheria London, akarudi kwao. Je, alikuwa mtu wa maneno matamu? Hapana. Mara ya kwanza aliposimama mahakamani Bombay kumtetea mtu, kinywa kilimkauka, akaketi bila kusema neno. Akasema mtu huyo atafute mwanasheria mwingine, na feza yake arudishiwe. Ulimi ulimshinda, lakini feza ya kazi asiyoifanya hakuila. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Mwaka wa 1893 akafika Afrika ya Kusini kwa kazi ya wafanyabiashara wa Kihindi wa Durban, walio Waislamu. Mwaka uliofuata Wahindi wa Natal wakafanya chama, naye akawa mwandishi wake. Wakataka kumlipa kwa kazi ya chama. Akakataa. Akawaambia: kama mnataka nikae, nipeni kesi zenu, nile kwa kazi yangu ya sheria, feza ya watu wote isiwe mshahara wangu. Na kila mchango ulioingia, hata ukiwa mdogo, mwenye kuutoa alipewa risiti, na hesabu iliandikwa kitabuni.

Mwaka wa 1901 alipotaka kurudi India, watu wakamletea zawadi za kumshukuru: zahabu, feza, almasi, na mkufu wa zahabu kwa mke wake. Usiku ule hakulala. Alitembea chumbani akijiuliza: je, mtumishi wa watu anaweza kulipwa hivi? Asubuhi akawaambia watoto wake, wakakubali. Mke wake akalia, akasema zawadi zile ni za wake wa watoto wake siku watakapooa. Hata hivyo vitu vyote vilitiwa benki kwa faida ya watu, chini ya mikono ya waangalizi. Wandugu, niambieni: ni nani kati yetu angelipita jaribu la usiku ule?

Sasa sikieni habari ya mgodi. Wahindi wengi waliletwa Natal kwa mkataba, kulima miwa na kuchimba makaa ya mawe. Aliyemaliza mkataba akataka kubaki alidaiwa kodi ya pauni 3 kila mwaka, feza iliyokuwa mshahara wa miezi mingi. Mwezi wa 10 mwaka wa 1913 watu wa makaa wa Newcastle wakaacha kazi. Wakubwa wa migodi wakakata maji na taa katika nyumba za wafanyakazi. Gandhi akawaambia watoke, wachukue nguo na blanketi tu. Tarehe 6 mwezi wa 11 wakaanza safari kwa miguu kuingia Transvaal: wanaume 2,037, wanawake 127 na watoto 57.

Na posho? Mkate wa ratili moja na nusu na sukari kidogo kwa siku. Kabla ya safari, walipokusanyika Charlestown, Gandhi mwenyewe alipika pamoja na wapishi, na yeye ndiye aliyegawa chakula. Siku nyingine dengu zilikuwa maji matupu, siku nyingine hazikuiva. Lakini watu walimwona ameshika mwiko mkononi, wakaona hakuna anayependelewa, wakala bila kunung'unika. Ninyi mliopanga mstari wa posho mnajua ginsi kazi hiyo inavyozaa ugomvi! Njiani alikamatwa mara tatu kwa siku nne, kisha akahukumiwa miezi 9 ya kazi ngumu. Wafanyakazi wakarudishwa kwa nguvu, na kambi za migodi zikageuzwa buloko. Lakini mwaka wa 1914 kodi ile ikaondolewa.

Nyuma yake akarudi India kwa vita isiyo na silaha juu ya uhuru. Mwaka wa 1922 vita hiyo ilikuwa na moto sana, ndipo watu wa Chauri Chaura walipochoma kituo cha polisi na askari zaidi ya 20 wakafa. Gandhi akasimamisha mambo yote, akafunga siku 5 bila kula, akisema kosa la watu wake ni kosa lake. Marafiki zake wengi walikasirika. Lakini hakusema: ni wengine waliofanya, mimi sikuwapo.

Sitaki kumfanya malaika. Katika miaka yake ya kwanza Natal aliandika maneno ya kutudharau sisi weusi, akilalamika kwamba Wahindi wanahesabiwa sawa na sisi. Ni juu ya maneno hayo sanamu yake iliondolewa katika chuo kikuu cha Ghana, kule Accra, mwezi wa 12 mwaka wa 2018. Walioiondoa walikuwa na haki ya kukasirika. Mimi ninasema: tuandike hilo upande wa deni, tusilifute, na upande wa pili tuandike mema yake. Kitabu cha hesabu chenye upande mmoja ni kitabu cha uwongo.

Alipouawa Delhi tarehe 30 mwezi wa 1 mwaka wa 1948, kwa risasi za Mhindu mwenzake, vitu alivyoacha vilikuwa vichache: miwani, saa, viatu vya ngozi, bakuli ya kulia.

Nimekwisha kuona sanduku la mchango la kundi moja, lililotiwa franka za wajane na za watu wa shimo. Mwisho wa mwaka likafunguliwa, likawa tupu, na mwenye ufunguo alikuwa msemaji hodari kuliko wote. Tulimpigia makofi mwaka mzima, hakuna aliyemwuliza risiti. Kosa lilikuwa lake, lakini lilikuwa letu pia.

Basi, wandugu, anapokuja mtu kutuomba tumfuate, tusimwulize kwanza kabila lake wala diploma yake. Tumwulize mambo matatu: Kitabu cha hesabu kiko wapi? Chakula chetu, utakigawa kwa mkono wako? Na siku tutakapokosa, utasimama pamoja nasi? Akikasirika kwa maswali hayo, amekwisha kujibu.

Karani wa mgodi