Kaseja kwanza
Vijiwe vya mashabiki wa klabu ya Simba vikianza kubishana nani kipa bora wa zama zote, vijana humtaja Aishi Manula, na wana haki: alidaka katika misimu minne ya ubingwa mfululizo, 2018 hadi 2021. Wazee hurudi kwa Athumani Mambosasa. Wengine hawamsahau Mohamed Mwameja wa fainali ya Kombe la CAF 1993. Mimi nasimama na Juma Kaseja. Mwaka 2003, Cairo, mbele ya Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, mambo yalifika kwenye penalti na kijana yule akazipangua. Wanaomkataa kwa sababu ya ufupi wake watueleze ni kipa gani mrefu wa Simba aliyewahi kumng'oa bingwa wa Afrika nyumbani kwake.