Tudai ratiba kabla ya kumwaga zege

Kuanzia Mocímboa da Praia hadi Palma na Quionga, neno la waliorejea ni moja: kujenga. Wapo wanaoinua upya nyumba zilizochomwa, wapo wanaofungua maduka, na wapo wanaosubiri madarasa na zahanati za umma. Kila mahali mazungumzo ni bei ya saruji, mabati na mbao. Kisichozungumzwa ni mpangilio wa kazi: fundi gani anaingia lini, na nani anamsubiri nani. Kwa maoni yangu, fedha zetu nyingi zinapotelea hapo kuliko kwenye bei.

Jambo hili si geni kwetu. Mzee yeyote wa pwani aliyejenga nyumba ya miti na udongo anazijua zamu zake. Kwanza nguzo, kisha fito, kisha paa la makuti, na mwisho ndipo watu huitwa kukandika. Hakuna anayekandika kabla ya kuezeka, kwa sababu mvua moja tu itaurudisha udongo chini. Hiyo ni ratiba, ingawa haikuandikwa popote. Wajenzi wa nyumba za mawe kule Ibo nao walikuwa na yao. Chokaa ililowekwa muda mrefu kabla ya kutumika, kwa hiyo mwenye nia ya kujenga ilimbidi aanze mapema kuchoma matumbawe.

Nyumba ya bloku na bati imeugeuza mpangilio huo, na hapo ndipo tunapochanganyikiwa. Ukuta unatangulia, paa linafuata, na lipu inakuja baadaye. Katikati wanaingia mwashi, msuka nondo, seremala, fundi umeme, fundi bomba na mpaka rangi. Mmoja akimtangulia mwenzake, lazima kitu kibomolewe. Nimeshuhudia darasa likipigwa lipu na kupakwa rangi, wageni wakaja kulisifu, kisha akaingia fundi umeme na tindo yake kuutoboa ukuta ule ule apitishe nyaya. Lipu ililipiwa mara mbili. Fedha ya mara ya pili ndiyo iliyokuwa ya madawati.

Zege nalo halisikii amri ya mkubwa. Linahitaji kumwagiliwa maji kwa siku 7 angalau, na wataalamu hupima nguvu yake siku ya 28. Anayeng'oa mbao za linta siku ya tatu ili azipeleke kwenye nyumba nyingine anakopa nguvu ambayo zege halijaipata. Deni hilo hulipwa na familia itakayolala chini ya linta hiyo.

Kalenda ya kwanza ya ujenzi katika pwani yetu ni upepo. Wakati wa kusi, takriban Mei hadi Oktoba, mvua ni haba na kazi inakwenda. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua inatawala, na huo ndio msimu wa vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, msimu ukiwa karibu kwisha. Anayechimba msingi Novemba anajitayarishia kuta zisizo na paa katikati ya mvua. Hesabu inapaswa kuanzia mwisho na kurudi nyuma: kama bati lazima liwe juu kabla ya Desemba, ukuta uishe lini, msingi uchimbwe lini, saruji inunuliwe lini?

Wafanyabiashara wa mpakani wasidhani kwamba haya ni ya mafundi peke yao. Mtwara kuna kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa mwaka 2015. Anayevusha mizigo kutoka upande ule anajua kwamba Ruvuma ya Agosti si Ruvuma ya Februari. Anajua pia kwamba mfuko wa kilo 50 ukilala ghalani katika unyevu wa bahari huanza kuganda. Akiambiwa mapema kwamba mtaa fulani utamwaga misingi Juni na kupaua Septemba, ataleta saruji Mei na mabati Agosti. Asipoambiwa ataleta vyote siku anapopata mtaji, saruji itaharibika, na hasara ataiongeza kwenye bei ya mifuko iliyobaki. Mlipaji ni mimi na wewe.

Hata kazi kubwa za serikali zimewahi kutufunza somo hili. Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720 kati ya Mtambaswala na Negomano, lilizinduliwa Mei 2010. Lakini barabara ya upande wetu kwenda Mueda ilibaki ya udongo kwa miaka mingi baadaye. Daraja lilikuwa tayari, njia ya kulifikia haikuwa tayari. Kule Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya waliohamishwa kupisha mradi wa gesi wa Afungi, familia zilianza kuhamia mwaka 2019 huku mashamba ya fidia yakichelewa, na wavuvi wakajikuta mbali na bahari. Nyumba zilihesabiwa. Jembe na ngalawa havikuhesabiwa katika wakati wake.

Wapo watakaosema: ratiba gani katika sehemu ambayo juzi tu tulikuwa tukikimbia? Nawaelewa. Mocímboa da Praia ilitekwa Agosti 2020 na ikakaa mikononi mwa wapiganaji kwa mwaka mzima. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na mwezi uliofuata kampuni ya Total ikatangaza kwamba mradi wake umesimama kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Ilichukua hadi Novemba 2025 kampuni hiyo kutangaza kwamba hali hiyo imeondolewa. Nani angeweza kuyaandika hayo kwenye ratiba?

Jibu langu ni kwamba hiyo ndiyo sababu ya kupanga. Ratiba ya mahali kama petu iwe na vituo, yaani hatua ambazo kazi ikikatika haiharibiki. Msingi uliomalizika na kufukiwa vizuri ni kituo. Chumba kilichofungwa mkanda wa zege na kupauliwa ni kituo. Ukuta mtupu usio na mkanda, nondo zimechomoza zikiliwa na chumvi ya bahari, si kituo. Mwenye fedha ya kuta tu asipandishe kuta akitumaini kwamba Mungu ataleta bati. Ni heri chumba kimoja chenye paa kuliko vyumba vinne vinavyotazama mawingu. Ukilazimika kuondoka, utarudi ukute kitu.

Kuna na suala la vijana wetu. Kijana akijua kwamba mafundi bomba watahitajika Agosti, anaweza kuanza kujifunza miezi kadhaa kabla, na chuo kinaweza kumpokea. Akija kujua siku lori la mkandarasi linaposhusha mafundi kutoka mbali, atabaki kuwa mbeba ndoo. Manung'uniko ya namna hiyo tumeyasikia muda mrefu, na sote tumeona kijana aliyekata tamaa anavyoweza kurubuniwa.

Mimi ni mwalimu, si mwashi. Elimu yangu ya msingi niliipata ng'ambo ya Ruvuma, wakati wa vita vilivyokwisha mwaka 1992. Kule Tanzania mwalimu hutakiwa kuwa na azimio la kazi la muhula kabla ya kushika chaki: mada gani, wiki gani, kwa zana zipi. Sioni kwa nini jengo la darasa lipangwe kwa uangalifu mdogo kuliko somo litakalofundishwa ndani yake.

Basi ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jengo la umma liwe na ubao mlangoni unaoonyesha kazi, fundi, wiki ya kuanza na wiki ya kumaliza, kwa Kireno na kwa lugha ambayo wanakijiji wanaielewa. Pili, malipo ya fundi yafuate hatua iliyokamilika na kukaguliwa, na fundi naye alipwe siku hiyo hiyo bila kuzungushwa. Tatu, wilaya iwatangazie wafanyabiashara na vyuo, kabla ya kusi kuanza, ni majengo gani yatajengwa mwaka huo.

Anayejenga nyumba yake hahitaji kusubiri wilaya. Karatasi moja ya daftari inamtosha. Ndugu zangu mliorejea, kabla hamjatoa metikali ya kwanza, mwulizeni fundi: baada yako anaingia nani, na lini? Akikosa jibu, msimpe koleo.