Wacha Kujidharau Juu ya Mawe ya Mzungu

Wasee, acha niseme hii kitu mara moja, alafu mnitukane mkishamaliza kusoma.

Juzi niliposti video nikiwa Chepstow, mji mdogo wa Wales ulioko pale pale mpakani na Uingereza. Nilikuwa nimemtembelea shangazi, anafanya kazi ya kutunza wazee huko Bristol, na siku yake ya kupumzika akanipeleka kuona ngome. Video yenyewe fupi tu: ngome ndefu ya mawe imekalia jabali, na chini yake mto Wye, maji rangi ya chai ya maziwa. Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote ilisema ati wenzetu walikuwa wanajenga hivi karibu miaka elfu moja iliyopita, na sisi tulikuwa tunakimbizana na swara.

Mkacheka. Mkaweka emoji za machozi. Mimi sikucheka, na nitawaambia kwa nini.

Kwanza, "wenzetu" ni kina nani? Hiyo ngome ilianza kujengwa 1067. Mwaka mmoja kabla, William wa Normandy alikuwa amevuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka Uingereza. Aliyeanzisha ngome ya Chepstow ni mtu wake wa karibu, William FitzOsbern. Huyo hakuwa Mwelshi, na hata Mwingereza hakuwa. Alikuwa mgeni mwenye upanga, amepewa ardhi ya wenyewe, na akaweka ngome yake upande wa Wales wa mto ili awabane Wawelshi na adhibiti njia ya maji.

Na mwananchi wa kawaida alionaje? Hiyo si lazima tukisie, iko kwa maandishi. Kuna kumbukumbu za kale zinaitwa Anglo-Saxon Chronicle, Waingereza waliziandika kwa lugha yao wenyewe. Zinasema mfalme aliporudi Normandy, huyu FitzOsbern na askofu Odo walibaki nyuma wakijenga ngome kila pembe ya nchi na kuwatesa wanyonge. FitzOsbern yule yule. Sasa hao wanyonge ndio wenzako, bana. Wewe umeangalia picha ukajiweka upande wa bwana mkubwa. Ungezaliwa huko wakati huo, uwezekano mkubwa ungekuwa unabeba mawe.

Ndani ya ngome kuna milango miwili mikubwa ya mbao, upande wa nje imefunikwa na vyuma. Wataalamu wameipima mbao hizo na kuona milango ilitengenezwa kabla ya 1190. Ilikaa langoni mpaka 1962, ndipo ikaondolewa ihifadhiwe. Nilisimama mbele yake nikafikiria kitu kimoja: hii milango imekaa zaidi ya miaka 770 ikiwaambia watu zii, huingii.

Na si ati waliokuwa ndani walikuwa salama. FitzOsbern mwenyewe alikufa vitani Flanders mwaka wa 1071. Mwanawe Roger akaasi 1075 na kunyang'anywa kila kitu na mfalme yule yule aliyempa babake. Baadaye mnara mmoja ukawa jela ya Henry Marten, mmoja wa waliotia sahihi hukumu ya kifo ya Mfalme Charles wa Kwanza. Alifungiwa humo miaka mingi mpaka akafa 1680. Leo mnara unaitwa kwa jina lake na watalii wanapigia selfi hapo. Mimi pia nilipiga, sitadanganya.

Sasa fikiria Fort Jesus. Wengi wetu tumeenda na basi la shule, tukala chipsi, tukarudi. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaiteka 1698, na chini ya Waingereza ikawa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hujawahi kusikia mtoto wa Mombasa akisimama pale akisema, "Aki Wareno walikuwa wameendelea, sisi tulikuwa wapi?" Hata mtoto wa darasa la sita anaelewa: hii kitu ilijengwa na mtu aliyetaka kutukalia. Kwa nini akili inafanya kazi vizuri Mombasa, alafu ikifika Wales inazima?

Najua kuna mtu tayari anaandika Gedi. Mwingine anaandika Thimlich Ohinga, kule Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji na bado zimesimama. Fiti, zitajeni, na mwende mkazione pia. Lakini msizitumie kama leseni ya kuwa binadamu. Ukianza kushindana na nani alijenga ukuta mrefu, umeshakubali kwamba thamani ya watu inapimwa kwa mawe. Jamii ambayo haikuacha ngome haikosi historia. Pengine haikuwa na jirani wa kukanyaga. Pengine ilijenga kwa udongo na miti, mvua ikanyesha, basi.

Ukitoka ngomeni, ukitembea dakika chache, unafika kwa daraja la chuma la 1816. Mpaka wa Wales na Uingereza uko katikati ya hilo daraja. Nilivuka nikarudi, nikavuka tena, mguu mmoja huku na mwingine kule, hakuna mtu alinisimamisha. Nilicheka, lakini kicheko cha uchungu. Maana visa yangu ilikataliwa mara ya kwanza. Niliacha chuo, sina barua ya mwajiri, na karatasi za benki zangu zilikuwa zinaonyesha kijana anayelipwa leo na asilipwe miezi miwili. Mlango wa chuma wa Chepstow umewekwa ndani kama maonyesho kwa sababu kazi yake sasa inafanyika mbali, kwa dirisha moja hapa Nairobi, kabla hujapanda ndege.

Kwa hivyo sisemi msiende. Ukipata nafasi, nenda. Panda ngazi, angalia mto, piga picha mpaka simu ijae. Ngome ni tamu kuangalia, hata mimi nilipenda. Ila kabla hujaandika kapsheni, uliza nani alikuwa amesimama nje ya lango, na kama huyo mtu hangekuwa wewe.

Wawelshi wenyewe waliuliza. Leo ngome hiyo inasimamiwa na Cadw, idara ya serikali ya Wales, na hilo jina ni neno la Kiwelshi lenye maana ya kuhifadhi. Kwa lugha yao mji unaitwa Cas-gwent. Watu waliojengewa ngome ili wabanwe ndio wanaokaa langoni wakikukatia tiketi, na hawajasahau lugha yao.

Huyo jamaa wa swara, nimekusamehe. Lakini hiyo komenti futa.